Askari Katika Soko la Nguo Kuukuu

Askari anapopata ruhusa ya siku moja hukabiliwa na swali lile lile: aende wapi, na fedha kidogo alizo nazo azitumie kwa jambo gani? Wapo wanaokwenda kuwajulia hali jamaa zao. Wapo wanaokwenda kutazama mpira. Na wapo, kwa bahati mbaya, wanaoimaliza siku hiyo pamoja na mshahara wao katika vilabu vya pombe. Sisi, Jumamosi moja, tuliamua kwenda Owino kutafuta koti.

Koti lenyewe halikuwa letu. Baba yetu mzazi anaishi milimani Kabale, na wasomaji waliowahi kufanya kazi katika pembe ile ya kusini-magharibi ya Uganda wanaijua baridi yake. Kwa miaka mingi mzee alikuwa na kabuti zito alilorithi kwa ndugu yake, aliyekuwa askari wa King's African Rifles. Hatimaye nondo walilishinda kabuti hilo. Walilila kwapani, wakalila mgongoni, likabaki kola na vifungo. Ndipo mzee alipotutumia ujumbe mfupi: "Baridi imenizoea vibaya, mwanangu. Nitafutie koti la watu wazima."

Tulifuatana na rafiki yetu mmoja, koplo wa polisi, aliyekuwa akitafuta shati la kuvaa katika harusi ya dada yake. Sote wawili tulivaa kiraia, tukaacha sare zetu zimetundikwa nyumbani.

SOKO LENYEWE

Soko la Owino lipo bondeni katikati ya Kampala, kando ya mfereji wa Nakivubo, jirani na ule uwanja wa mpira uliojengwa mwaka 1926, ambao kwa miaka mingi uliitwa Uwanja wa Kumbukumbu ya Vita. Lilianzishwa mwaka 1971. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa dini aliyeuawa hapo Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, wakati wa Kabaka Mwanga. Lakini mwambie dereva wa teksi "Owino" naye atakufikisha bila swali la pili.

Wachuuzi wa soko hili ni watu wenye moyo wa kupigana. Moto uliliteketeza sehemu kubwa mwaka 2009, ukarudi mwaka 2011, ukarudi tena mwaka 2013. Kila mara watu walisimama juu ya majivu, wakapima upya vijia, wakasimamisha tena vibanda vyao. Mvua kubwa nazo hufurisha mfereji na kuleta maji machafu hadi chini ya meza. Mwenye kudhani kwamba ustahimilivu hufundishwa katika uwanja wa kwata peke yake na aende akawatazame akina mama wa Owino asubuhi baada ya gharika.

Huuzwa humo vyakula, vyombo, dawa za miti na viatu, lakini sifa kubwa ya soko ni nguo zilizokwisha kuvaliwa, ambazo majirani zetu wa Kenya na Tanzania huziita mitumba na sisi wa Uganda twaziita mivumba. Njia ya nguo hizo ni ndefu. Mtu wa Ulaya au Marekani hutoa nguo asizozitaka. Hukusanywa, huchambuliwa kwa aina na ubora, hushindiliwa kwa mashine na kufungwa katika marobota ya kilo 45 hivi. Hupakiwa melini hadi Mombasa, na kutoka huko huletwa Kampala kwa njia ya nchi kavu.

Hapa pana jambo ambalo mnunuzi wa shati moja aghalabu halifahamu. Mchuuzi hununua robota likiwa limefungwa. Huonyeshwa maandishi ya nje tu: "makoti ya wanaume", au "nguo za watoto", na daraja lake. Hana ruhusa ya kulifungua kabla ya kulipa. Akilifungua akakuta nguo nzuri, mtaji umerudi na faida juu. Akikuta nguo zilizochanika, zenye madoa, au zisizouzika kwa sababu nyingine yoyote, hasara ni yake peke yake. Tunawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

MJADALA USIOKWISHA

Haifai kuzungumza juu ya nguo hizi bila kutaja kwamba wako wanaozipinga, tena kwa hoja nzito. Uganda ni nchi ya pamba. Kiwanda cha Nytil cha Jinja kilianzishwa katika miaka ya 1950, jirani na bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na vitambaa vyake vilijulikana katika kila duka la kijijini. Inauma kuona mkulima akiuza pamba yake ghafi nje, kisha akanunua shati lililochakaa kutoka huko huko nje.

Mwezi Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuzipunguza nguo hizi hatua kwa hatua hadi zikome mwaka 2019. Marekani ilikasirika. Nchi nyingine zikalegeza msimamo, lakini Rwanda ikashikilia kodi yake kubwa, na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Mwezi Agosti 2023, huko Mbale, Rais Museveni alisema kwamba nguo hizi ni za watu waliokufa, na kwamba zifaa kupigwa marufuku ili viwanda vya nyumbani vikue. Wachuuzi nao walijibu kwamba maelfu ya watoto wanasomeshwa kwa nguo hizo hizo.

Kazi yetu si kuamua shauri hilo. Twalitaja kwa sababu maneno hayo, "nguo za watu waliokufa", yalikuwa kichwani mwetu tulipokuwa tukipita kati ya vibanda, tukipapasa mikono ya makoti ambayo iliwahi kuwa na mikono ya watu.

KUISOMA NGUO

Vijana wa mjini siku hizi hawatafuti nguo ya bei nafuu tu. Wanatafuta ya zamani. Suruali ya miaka ya 1970, mkoba wa ngozi wa bibi, saa ya kutia ufunguo, miwani ya fremu nene: vitu hivi vina wapenzi wake, na mchuuzi mjanja huvitenga pembeni. Basi mwenye macho afundishwe kuisoma nguo.

Kwanza, tazama zipu. Zipu nzito ya chuma, yenye meno yanayong'ata sawasawa, mara nyingi ni ya zamani kuliko ya plastiki. Pili, soma lebo. Lebo iliyofumwa kwa uzi huishi kuliko iliyopigwa chapa, na wakati mwingine hutaja nchi ambayo haipo tena. Koti lililoandikwa kwamba limetengenezwa Ujerumani ya Magharibi lilishonwa kabla ya Oktoba 1990, Wajerumani walipoungana. Lililoandikwa Chekoslovakia lilishonwa kabla nchi hiyo haijagawanyika, tarehe 1 Januari 1993. Ukiona ndani ya nguo ya Kiingereza alama ya herufi CC na tarakimu 41, umeshika kitu cha miaka ya vita vya pili vya dunia na baada yake kidogo, wakati serikali ya Uingereza ilipopima hata idadi ya vifungo ili kitambaa kisipotee bure. Tatu, pindua nguo ndani nje. Mshono ndio ushahidi. Nje hudanganya, ndani husema kweli.

Koplo alicheka aliposikia somo hili. "Afande," akasema, "hii ni kama kumpekua mshukiwa." Tulimjibu kwamba amekosea kidogo: nguo haina wakili.

ASKARI NDANI YA KABATI LA DUNIA

Jambo lililotushangaza zaidi ni hili. Kadiri tulivyozidi kupekua, ndivyo tulivyozidi kukutana na askari. Vazi baada ya vazi, ambalo raia hulivaa bila kujua, lilizaliwa vitani au kambini.

Twaa rangi ya kaki. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi na maana yake ni vumbi. Katika miaka ya 1840 kikosi kimoja cha Waingereza mpakani mwa kaskazini-magharibi mwa India kilianza kuvaa rangi ya udongo ili adui asiwaone askari kwa mbali. Leo karani wa benki huvaa suruali ya kaki naye hana adui ila hesabu zake.

Twaa sweta ile yenye vifungo kifuani iitwayo kadigani. Ina jina la Lord Cardigan, jemadari aliyeongoza farasi wepesi wa Kiingereza kwenda kukabili mizinga ya Warusi huko Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854. Na kofia ya sufu inayofunika kichwa na shingo, ikaacha macho tu, hubeba jina la mahali pale pale, kwa kuwa askari waliokuwa huko walikuwa wakifa kwa baridi. Saa ya mkononi nayo ilikuwa kwa wanaume wengi kitu cha kuchekesha, kama pambo la wanawake, hadi vita vya 1914 hadi 1918. Ndani ya mahandaki afisa hakuwa na nafasi ya kufungua koti na kutafuta saa ya mfukoni huku dakika ya kushambulia ikikaribia. Akaifunga saa mkononi, na wanaume wa dunia nzima wakamwiga.

Ndipo tulipoliona koti.

Lilikuwa limetundikwa nyuma kabisa ya kibanda cha mama mmoja wa makamo: koti refu la rangi ya mchanga, kitambaa kizito kilichosokotwa kwa kukaza, bitana ya sufu ndani, mkanda kiunoni wenye pete za chuma, na vishikizo viwili mabegani. Waingereza huliita koti la mahandaki. Maafisa wao walilivaa katika vita vile vya kwanza vya dunia, wakalinunua kwa fedha zao wenyewe, na vile vishikizo vya mabegani vilikuwa vya kubebea alama za vyeo. Hili tuliloshika lilikuwa la kiraia, lililoshonwa miaka mingi baadaye. Lakini mshonaji alikuwa ameyaacha mabega ya afisa mahali pake, kwa mazoea tu, kama mtu anayeendelea kupiga saluti baada ya kustaafu.

Mama alisema shilingi 80,000. Tulisema 40,000. Tukapanda, akashuka, tukakutana kwenye 55,000.

Tulipokuwa tukihesabu fedha, mama alitazama chini, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nyinyi ni askari."

Koplo alikana. Mama akatikisa kichwa. "Viatu vinavyong'aa hivyo havivaliwi na mwalimu. Nimekaa hapa miaka ishirini, wanangu. Nina neno la kuwauliza, na nikilinyamaza leo sijui nitamwuliza nani."

MAJAKETI MANNE

Aliinama chini ya meza, akavuta gunia, akalifungua kidogo kama mtu anayeonyesha kidonda. Ndani yake mlikuwa na majaketi manne ya mabaka, yenye madoa ya kijani, kahawia na meusi.

Alitueleza kwa ufupi. Alinunua robota la makoti mazito kwa shilingi 900,000. Alipolifungua alihesabu makoti 38, na manne kati yake yalikuwa haya. Alipoyaona, miguu ilimlegea. Hakuwahi kuyatundika wala kumwonyesha mteja. Lakini mtu mmoja aliyejiita askari aliyaona siku ile ile ya kufungua robota. Hakumkamata. Alisema atamsaidia kwa kunyamaza. Wiki ile alichukua shati. Mwezi uliofuata alirudi akachukua viatu vya mtoto. Juzi alikuja tena kuuliza kama kuna suti.

"Nikiyatupa," mama akasema, "atakayeyaokota atayavaa usiku akamwibie mtu, na nitatajwa. Nikiyachoma, moshi katika soko hili ni jinai nyingine, mnajua moto ulivyotutenda. Nikiyapeleka polisi nitaulizwa niliyatoa wapi na kwa nini nilikaa nayo. Basi nifanyeje?"

Wasomaji wetu wapendwa, tumepita chuo cha makadeti, tumefundishwa kusoma ramani na kuandika taarifa, lakini pale mbele ya mama yule hatukuwa na jibu tayari mdomoni. Koplo, ambaye alikuwa amekwisha kunyosha mkono kulitwaa gunia, aliurudisha mkono wake taratibu. Aliposikia habari ya viatu vya mtoto alitazama kando.

Tulianza na lile tulilolijua. Tuliyapindua majaketi ndani nje. Kwenye mikono yalikuwa na bendera ndogo ya Ujerumani iliyoshonwa, na kwenye lebo palikuwa na tarakimu kumi na tatu. Nchi za umoja wa kijeshi wa NATO huweka tarakimu hizo katika vifaa vyao, na ile ya tano na ya sita hutaja nchi: 12 ni Ujerumani, 14 Ufaransa, 99 Uingereza. Majaketi haya yalikuwa na 12. Hayakuibwa katika bohari yoyote ya kwetu. Jeshi la huko liliyaondoa katika matumizi, akayapata raia, na siku moja mchambuzi wa nguo asiyejua sheria za Uganda akayatupa katika fungu la makoti. Huko Ulaya kijana huyavaa akienda kunywa kahawa, na hakuna amtazamaye mara mbili. Kwao ni mtindo. Kwetu ni kesi.

Na ni haki iwe hivyo. Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda ya mwaka 2005 inawakataza raia sare za jeshi, na mwaka 2019 orodha ya mavazi yaliyohifadhiwa kwa ajili ya jeshi ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Nchi iliyoonja maovu ya watu waliovaa mabaka bila kuwa askari haiwezi kufanya mzaha na jambo hili. Mwanakijiji anayegongewa mlango usiku hatapata nafasi ya kusoma tarakimu za lebo ajue kama mabaka hayo ni ya Kijerumani au ya kwetu. Ataona mabaka tu, naye atafungua mlango.

Lakini sheria hiyo iliwekwa kumlinda raia. Haikuwekwa ili mtu mmoja mwenye macho makali ajipatie viatu vya mwanawe bila kulipa.

KITUONI

Tulimwambia mama kwamba njia ni moja nayo si rahisi: ayachukue majaketi mwenyewe, ayapeleke kituo cha polisi kilicho karibu, aseme alikoyapata, na sisi tutafuatana naye tuseme tuliyoyaona. Tulimwambia pia ukweli wote. Hatukuweza kumwahidi kwamba hataulizwa maswali makali. Hatukuweza kumrudishia fedha zake. Mama alikaa juu ya robota, akawaza. Majaketi manne katika 38 ni karibu shilingi 95,000 za mtaji wake, nazo alikuwa akizipeleka kwa miguu yake mwenyewe mahali ambapo hazitarudi.

Kisha alimwita jirani amwangalizie kibanda, akafunga kitambaa kichwani, akasema, "Twendeni kabla moyo haujageuka."

Sajini wa zamu aliuliza maswali yaliyopaswa kuulizwa. Kwa nini alikaa na vitu hivi? Nani alimwuzia robota? Mama alijibu, akatoa stakabadhi ya robota iliyokunjwa mara nne ndani ya leso. Sajini aliisoma, akaandika kila kitu katika daftari la matukio, akayahesabu majaketi mbele yetu, akampa mama karatasi yenye namba. Alipofika kwenye habari ya yule mtu wa mashati na viatu, aliiweka kalamu chini, akamwuliza mama kama angemtambua. Mama alituangalia sisi kwanza. Koplo, aliyekuwa amenyamaza tangu sokoni, alisema, "Sema, mama. Tuko hapa." Akasema, na ikaandikwa.

Shauri hilo sasa liko katika mikono inayohusika, nasi hatutalizungumza zaidi.

Tuliporudi kibandani mama alilitoa koti la mzee, akalikung'uta vumbi, akatuambia tutoe shilingi 30,000 tu. Tulilipa 55,000. Bei tuliyokubaliana kabla ya kwenda kituoni ndiyo bei ya koti. Kazi ya kituoni haina bei. Akaongeza skafu ya sufu juu yake, nasi tukairudisha mezani. Alikasirika kidogo, kisha akacheka, akasema watu wa namna yetu watamfanya afe maskini kwa uaminifu. Koplo alipata shati lake la harusi, jeupe, la pamba tupu, kwa shilingi 10,000, naye pia hakuomba apunguziwe.

LA KUKUMBUKA

Wapiganaji wenzetu, nanyi ndugu zetu wa polisi, tunayo machache ya kusema kutokana na siku hiyo.

Nendeni sokoni. Nguo njema inapatikana kwa fedha ndogo kwa mwenye kujua zipu, lebo na mshono, na mkeo na watoto watakushukuru kuliko wakushukuruvyo kwa siku ya pombe. Lakini mkiona mabaka katika gunia la mchuuzi, kumbukeni kwamba robota lilinunuliwa likiwa limefungwa. Ulizeni kwanza. Mpelekeni penye daftari na shahidi. Ayaonaye mabaka akanyamaza kwa malipo ameivunja ile sheria mara mbili, maana ameiacha sare mtaani, kisha ameigeuza kuwa fimbo ya kumwibia mama.

Tena hatukuwa na sare siku ile, na mama alitutambua kwa viatu. Hatukujua kama tufurahi au tuhuzunike. Alitutambua, akaogopa, kisha akajaribu kutuamini. Yale matatu yalitokea katika dakika moja, na lile la tatu halikuwa lazima.

Koti tulilituma Kabale kwa basi la usiku. Siku ya tatu mzee alipiga simu. Alisema linamtosha, na ukungu wa asubuhi sasa unabisha hodi bila kuingia. Kisha akauliza mbona lina vishikizo mabegani kama la afisa, na nani alilivaa kabla yake. Tulimweleza habari ya mahandaki. Ama mwenyewe wa kwanza, tulimwambia, hatumjui, wala hatujui kama yu hai au amekufa.

Mzee alinyamaza kidogo. "Basi," akasema, "akiwa hai, Mungu ampe koti jingine. Akiwa amekufa, mwambieni limefika kwa mtu mwenye baridi."